Joto Likiwahi Kufika Phoenix

Fungua simu, tazama utabiri wa siku saba. Ukiona Phoenix imeandikiwa 100 au 105 na kalenda bado iko Aprili, usijiambie kwamba joto lenyewe ni la Julai. Hili la mapema lina hatari yake. Mwili wako haujalizoea. AC haijawashwa tangu Oktoba. Na misaada mingi ambayo mji hutoa wakati wa kiangazi bado haijafunguliwa. Una siku tatu nne hivi kabla halijafika. Zitumie.

Nazungumza nawe uliyehamia jangwa la Arizona ukitokea Uvira, Bujumbura, Kigoma au Mombasa. Phoenix na Tucson zina Wakongo na Warundi wengi waliofika kama wakimbizi, na Kiswahili unakisikia kanisani, kwenye basi na kwenye foleni ya duka. Wewe wa Mombasa utasema joto unalijua. Unalijua la pwani, lenye jasho linalochuruzika. La jangwa la Sonora ni kavu, na linakunyang'anya maji bila kukuaga. Wewe wa milima ya Kivu, kaa karibu zaidi usikilize.

Kwanza zizoee namba za hapa. Kariri tatu tu: 100 ni nyuzi 38 za Selsiasi, 110 ni 43, 120 ni 49. Za katikati utakisia. Kumbuka pia kwamba namba ya utabiri hupimwa kivulini. Wewe unayesimama juani kituo cha basi, mbele ya ukuta wa zege, unapata zaidi ya hiyo.

Mwaka wa kawaida Phoenix hufika 100 kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa Mei. Mwaka 1988 ilifika tarehe 26 Machi. Kwa hiyo usingoje Juni ndipo uanze kujiandaa. Panga kama mtu anayejua mgeni anaweza kuja mapema.

Halafu tazama rangi, usiishie kwenye namba. NWS, idara ya hali ya hewa ya Marekani, ina ramani inayoitwa HeatRisk. Inaanza kijani, inapita njano, chungwa, nyekundu, na inaishia zambarau. Rangi hiyo inaangalia msimu na inaangalia usiku utapoa kiasi gani. Ndiyo maana 100 ya Aprili inaweza kupata rangi kali kuliko 100 ya Julai. Chungwa: linda wazee, watoto wachanga, wajawazito na wagonjwa. Nyekundu na kuendelea: kila mtu aliye ndani ya nyumba ajihesabu.

Simu ikipiga kelele na kuandika Extreme Heat Watch, maana yake jiandae. Ikiandika Extreme Heat Warning, maana yake limefika au liko mlangoni. Kabla ya Machi 2025 walikuwa wakiandika Excessive, kwa hiyo usishangae ukikuta tangazo la zamani lenye neno hilo. Ni onyo lile lile.

Leo, kabla halijafika

Washa AC leo. Usingoje siku yenyewe, maana siku hiyo mafundi wote wa Phoenix watakuwa wanapigiwa simu kwa pamoja. Iwashe mchana, iache nusu saa, kisha weka mkono kwenye tundu la hewa. Hewa iwe baridi kweli, si ya uvuguvugu. Sikiliza kama inakwaruza. Tazama chini yake kama inadondosha maji ndani; ikidondosha, bomba la kutolea maji limeziba. Ukiona barafu kwenye bomba lake, izime umwite fundi.

Badilisha chujio. Hili ndilo jambo rahisi kuliko yote na ndilo linalosahauliwa. Vuta chujio la zamani, soma vipimo vilivyochapwa ubavuni, nenda duka la vifaa vya nyumba ununue linalolingana. Mshale uliochorwa juu yake uelekee upande hewa inakokwenda, yaani ndani ya mashine. Nunua mawili au matatu. Vumbi la jangwa ni jingi, na wakati wa kiangazi utabadilisha chujio kila mwezi.

Toka nje uitazame ile mashine kubwa ya AC. Kama iko chini na ni yako kuigusa, ondoa majani, maboksi na baiskeli ya mtoto iliyoegemezwa pale. Inahitaji nafasi ya kupumua pande zote. Kama iko juu ya paa, usipande. Hiyo ni kazi ya fundi au ya mwenye nyumba.

Ukishaiwasha, usiishushe hadi 60 ukidhani itapoza haraka. AC za nyumba nyingi hazina gia. Kasi ni ile ile, tofauti ni kwamba haitapumzika. Weka 78, ambayo ni kama nyuzi 25 na nusu, uiache hapo. Ukiona ni ghali, ipandishe kidogo usiku, usiizime kabisa mchana kweupe. Nyumba iliyoachwa ikachemka hutumia saa nyingi kurudi.

Bili yako ina saa za ghali. Wateja wengi wa kampuni ya umeme ya APS hulipa zaidi kati ya saa 10 jioni na saa 1 usiku, siku za kazi. SRP, kampuni nyingine ya umeme, ina mipango yake kadhaa. Soma bili au wapigie uulize uko kwenye mpango gani. Kisha fanya hivi: ipoze nyumba zaidi kidogo saa 8 na saa 9 mchana, halafu saa za ghali zikianza ipandishe nyuzi mbili tatu. Mashine ya kufulia na ya kukaushia nguo zingoje usiku.

Sasa jambo zito. APS haimkatii umeme mteja wa nyumbani kwa deni kati ya 1 Juni na 15 Oktoba. Kinga ya namna hiyo ilikuja baada ya mwanamke wa miaka 72 kufa kwa joto nyumbani kwake mwaka 2018, umeme ukiwa umekatwa huku deni lililobaki likiwa dola 51 na senti. Soma tena hizo tarehe. Aprili haimo. Mei haimo. Joto la mapema linakukuta nje ya kinga. Kama una deni, piga simu leo uombe kulipa kwa awamu, kabla karatasi ya kukatiwa haijafika. Ukiongea nao mapema wanakupangia. Ukinyamaza, mashine inakata.

Umepanga? Phoenix ina sheria ya jiji. Nyumba ya kupanga yenye AC lazima iweze kukaa kwenye 82 au chini yake, yaani nyuzi 28. Ile inayopozwa kwa maji lazima ifike 86, nyuzi 30, au chini. Nunua kipimajoto cha dola chache ukitundike sebuleni. Kikizidi hapo na AC inanguruma, mwandikie meneja wa nyumba siku hiyo hiyo.

Mwandikie, usimwambie kwa mdomo tu. Ujumbe wa simu unatosha: namba ya nyumba yako, tarehe, joto la ndani, picha ya kipimajoto, na kwamba mna mtoto au mgonjwa kama yupo. Kiingereza chako kikiwa kifupi, ni sawa. Tarehe na picha ndizo zinazoongea. Asipojibu, peleka malalamiko jijini. Na usizuie kodi kwa hasira. Muulize kwanza mwanasheria wa msaada wa kisheria, maana kodi iliyozuiwa vibaya inaweza kukutoa ndani ya nyumba.

Tafuta mapema mahali pa kukimbilia. Kaunti ya Maricopa, ambamo Phoenix imo, huwa na mtandao wa vituo vya kupumzikia penye ubaridi na vya kugawa maji, lakini kwa kawaida hufunguliwa 1 Mei hadi 30 Septemba. Joto la Aprili likikukuta, tegemea maktaba. Ni bure, kuna ubaridi, maji ya kunywa, intaneti, na watoto wana vitabu. Maktaba kuu ya Burton Barr iko katikati ya mji, na kuna matawi mitaani. Andika saa zake za kufungua na siku zinapofungwa. Ukitaka msaada zaidi, wa umeme au wa mahali pa kwenda, piga 211.

Nyumba

Aprili ina zawadi moja ambayo Julai haina: usiku bado unapoa. Utumie. Jua likizama na hewa ya nje ikiwa baridi kuliko ya ndani, fungua madirisha ya pande mbili hewa ipite. Alfajiri, kabla jua halijagusa ukuta, funga yote. Shusha mapazia. Dirisha linalotazama magharibi ndilo adui mkubwa; lizibe hata kwa shuka nzito au boksi lililofunikwa karatasi ya alumini. Kama unaishi ghorofa ya chini na hufurahii kulala dirisha wazi, fungua ukiwa macho na ufunge ukienda kulala.

Baadhi ya nyumba za zamani hazina AC. Zina mashine ya kupoza kwa maji juu ya paa, ile wenyeji wanayoiita swamp cooler. Usiidharau. Kuanzia Aprili hadi katikati ya Juni hewa ni kavu na inafanya kazi vizuri sana. Siri yake ni moja: fungua dirisha kidogo upande wa pili wa nyumba, ili hewa iingie na itoke. Ukifunga kila kitu, utalala kwenye unyevu. Monsuni ya hapa, ambayo huhesabiwa kuanzia 15 Juni hadi 30 Septemba, ikileta unyevu, mashine hiyo itachoka. Ujue mapema utakwenda wapi siku hizo.

Feni ni nzuri, lakini ina mpaka. Hewa ya ndani ikizidi nyuzi 40 za Selsiasi, feni peke yake inakupulizia moto. Hapo lazima uwe na maji mwilini, kwa nje. Chukua kanga au kitenge, loweka, kamua, jitande mabegani, kisha kaa mbele ya feni. Hewa hii kavu itavuta maji na kukupoza upesi kuliko ulivyowahi kuona pwani. Kitambaa kikikauka, kiloweshe tena. Watoto uwafanyie hivyo hivyo. Lakini hii ni ya kukuvusha ukiwa njiani kwenda mahali penye AC, au ukimsubiri fundi. Usiifanye mpango wa siku tano.

Jiko nalo lina la kusema. Maharage ya saa tatu, makande, sombe linalochemka mchana kutwa: hayo yote yanamwaga joto na mvuke ndani ya nyumba ambayo AC inahangaika kuipoza. Pika usiku au alfajiri, madirisha yakiwa wazi. Sufuria ya presha ya umeme inastahili pesa yake hapa kuliko mahali pengine popote. Ovena iache hadi wimbi lipite. Chakula cha mchana kiwe cha kupasha tu, au cha baridi: parachichi, tikiti, mayai yaliyochemshwa jana, mkate.

Mwili

Badilisha saa zako. Arizona haisogezi saa mbele majira ya kuchipua kama sehemu nyingi za Marekani, hivyo Mei jua linachomoza kama saa 11 na nusu alfajiri. Huo ndio wakati wako. Sokoni, kukimbia, kupalilia, kuosha gari: maliza kabla ya saa 3 asubuhi.

Wengi wetu tumelelewa kuogopa jua la saa 6 mchana. Hapa joto hufika kilele kati ya saa 9 na saa 11 jioni. Saa 11 ukiona vivuli vimerefuka, usidanganyike ukawatoa watoto kwenda kucheza mpira. Wapeleke baada ya jua kuzama, au asubuhi mapema. Na Jumamosi ile uliyopanga kupanda mlima Camelback, ahirisha. Jiji lenyewe hufunga njia za Camelback na Piestewa Peak mchana siku za onyo la joto kali, kwa sababu wazima moto wamechoka kubeba watu kutoka kule juu.

Kunywa maji kabla ya kiu. Jasho la hapa linakauka kabla hujaliona, shati linabaki kavu, na wewe unadhani hutoki jasho. Ukifanya kazi juani, kunywa kama robo lita kila dakika 15 hadi 20. Usipite kama lita 1.4 kwa saa moja. Maji mengi mno bila chumvi nayo yanaangusha mtu. Tazama mkojo wako. Ukiwa na rangi ya chai ya rangi, umechelewa.

Maji yaende na chumvi. Mlo wa kawaida wenye chumvi unatosha watu wengi. Ukiwa umetoka jasho siku nzima, au mtoto anaharisha, tengeneza ya nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Usizidishe chumvi kwa kudhani ndiyo dawa. Pombe iache wiki hii. Vile vinywaji vya kopo vya kutia nguvu, viache pia. Chai yako kunywa, hakuna aliyekukataza, ila usiihesabu kuwa ndiyo maji ya siku.

Gandisha chupa nusu usiku, asubuhi ijaze maji. Utakuwa na maji baridi hadi saa sita. Vaa nguo pana, nyepesi, za pamba, zenye mikono. Na beba mwavuli. Mama zetu wamekwenda sokoni na mwavuli wa jua miaka yote. Phoenix ndiko unakohitajika zaidi, na anayecheka atanunua wake Juni.

Kama unatumia dawa za presha, hasa zile za kukojoza, au dawa za akili, muulize mfamasia sasa jinsi ya kukaa na joto. Usiache dawa kwa uamuzi wako. Insulini isikae garini hata dakika ya kuingia dukani.

Kazini

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wapya wanapoumia. Wengi wanaokufa kwa joto kazini hufa siku za kwanza za kazi au siku za kwanza za joto. Hawakuwa wadhaifu. Miili yao haikupewa muda. Mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kujifunza kutoka jasho mapema zaidi na kuhifadhi chumvi.

Kwa hiyo panda ngazi. Kama ni mgeni kwenye kazi ya juani, wataalamu wa usalama kazini wa Marekani wanashauri siku ya kwanza ufanye asilimia 20 ya muda wa kawaida kwenye joto, kisha uongeze 20 kila siku. Kama ni mzoefu uliyetoka likizo au unayekutana na joto la kwanza la mwaka: 50 siku ya kwanza, 60 ya pili, 80 ya tatu, ya nne kazi kamili. Mwonyeshe msimamizi wako hesabu hiyo. Hilo si ombi la mvivu. Ni utaratibu unaojulikana.

Najua bosi mwingine atacheka. Basi jilinde ndani ya nafasi uliyonayo. Omba kazi nzito ifanywe alfajiri. Pumzika kivulini kila unapokunywa, hata dakika mbili. Weka kitambaa chenye maji shingoni. Kama kazi yenu inafanywa kwa mkataba na jiji la Phoenix, pamoja na ile ya uwanja wa ndege, jua kwamba tangu 2024 jiji linawataka wakandarasi wake wawe na mpango wa joto: maji, kivuli, mapumziko, na AC kwenye magari. Uliza mpango huo uko wapi.

Fanyeni kazi wawili wawili na muangaliane. Mtu anayeanza kuchanganyikiwa kwa joto hajui kwamba anachanganyikiwa. Muulize mwenzako jambo dogo, kama jina la mtaa anaokaa. Akisitasita au akijibu ovyo, mtoe juani.

Gari, lami na bwawa

Joto ndani ya gari lililofungwa hupanda kama nyuzi 11 za Selsiasi ndani ya dakika 10. Kuacha dirisha wazi kidogo hakusaidii cha maana. Mtoto asibaki garini, hata amelala, hata unakimbilia mkate tu. Weka pochi au simu yako kiti cha nyuma kila safari, ili ulazimike kufungua mlango wa nyuma unapofika. Gari likiwa limeegeshwa nyumbani, lifunge. Watoto huingia kucheza.

Funika kioo cha mbele. Gusa chuma cha mkanda kabla hujamfunga mtoto, maana kinaunguza. Pima betri wiki hii. Joto la Arizona huua betri upesi, na hufa ukiwa umeegesha mahali pasipo na kivuli. Weka maji kwenye buti ya gari, lita kadhaa, kwa siku utakayokwama barabara kuu.

Unatumia basi? Panga safari kwa dakika za kungoja, si kwa dakika za kusafiri. Tafuta kituo chenye kivuli hata kama kiko mbele kidogo. Tazama basi liko wapi kwenye simu, na utoke mahali penye ubaridi likiwa limekaribia.

Lami ya mchana hufika nyuzi 65 za Selsiasi na kuzidi. Kila kiangazi, hospitali ya majeraha ya moto ya Phoenix hupokea watu walioungua kwa kuanguka tu barabarani. Mtoto asitoke bila viatu hata kutupa takataka. Mzee akianguka, mwinue kutoka kwenye lami kwanza, au mwingizie kitu chini yake, kisha ndipo uulize ameumia wapi. Mpira wa bustani nao: maji yaliyolala ndani yake juani yanababua. Yaache yamwagike hadi yapoe ndipo umnyunyizie mtoto.

Joto la kwanza hupeleka kila familia kwenye bwawa la nyumba za kupanga. Mtoto huzama kimya, bila kelele za kuomba msaada. Chagua mtu mzima mmoja wa kutazama, mtaje jina, na simu yake aiweke mfukoni. Akichoka akabidhi kwa mwingine kwa mdomo: "Sasa ni wewe." Watu kumi waliokaa kando wakipiga soga ni sawa na hakuna anayetazama.

Wazee

Bibi atakuambia hasikii joto. Anasema kweli. Umri hupunguza kuhisi joto na hupunguza kiu. Ndiyo maana usimuulize tu, mguse. Ngozi ya moto na kavu, ulimi mkavu, usingizi mzito wa mchana, kusahau jambo la asubuhi: hayo ndiyo majibu.

Na wazee wengi huzima AC wakiwa peke yao, kwa kuogopa bili au kwa sababu ubaridi unawauma magoti. Usigombane. Mpe soksi na kitenge, AC ibaki. Kaunti ya Maricopa ilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto mwaka 2023, na zaidi ya 600 mwaka uliofuata. Kati ya waliofia ndani ya nyumba, mara nyingi AC ilikuwapo, ila haikuwa ikifanya kazi. Kwa hiyo mpigie asubuhi na mpigie jioni. Usiulize "hujambo" tu, maana atajibu "sijambo." Mwambie asome namba iliyo kwenye kipimajoto.

Mtu akizidiwa

Kizunguzungu, kichwa kuuma, misuli kukaza, kichefuchefu, jasho jingi: mtoe juani, mlaze, mlegeze nguo, mloweshe, mpe maji kidogo kidogo. Asipopata nafuu ndani ya saa moja, au akitapika, mpeleke kwa daktari.

Kuchanganyikiwa, kuongea ovyo, kuzimia, degedege: piga 911 hapo hapo. Taja anwani kwanza, kisha sema "Swahili" na ubaki kwenye simu wakutafutie mkalimani. Fundisha watoto anwani yenu kwa Kiingereza leo, na ibandike mlangoni. Usipoteze dakika kufikiria bili ya ambulensi. Bili inaweza kujadiliwa baadaye.

Wakati unangoja, mpoze kwa nguvu zote. Mtie kwenye beseni la kuogea lenye maji baridi huku ukimshika kichwa, au mmwagie maji mwili mzima na kumpepea. Barafu weka kwapani, shingoni na kwenye kinena. Wazima moto wa Phoenix wenyewe tangu 2024 humtia mgonjwa wa namna hii kwenye mfuko wa barafu wakiwa njiani kwenda hospitali, kwa hiyo usiogope ubaridi. Asiyejitambua usimnyweshe chochote. Paracetamol haisaidii, kwa sababu hii si homa.

Wimbi likipita

Siku tano baadaye utabiri utarudi 85 na mji wote utasahau. Wewe mwite fundi siku hizo, akiwa na nafasi na bei ya kawaida, atengeneze kile ulichokiona kikisuasua. Uliza kituo gani cha karibu kitafunguliwa Mei. Endelea kutembea nje asubuhi kila siku, kidogo kidogo, maana mazoea ya joto yakikatika kwa wiki moja huanza kupotea na mwili unarudi kujifunza upya. Na chujio la pili uliweke karibu na mashine, si chini ya uvungu. Ukifika mwisho wa Mei, la kwanza litakuwa limeshageuka rangi ya udongo.